Shavu la Jirani

Karakana yetu ya udongo hapa Mombasa ina joko moja tu, la umeme, na vyombo vya watu wote huchomwa humo kwa pamoja. Mtungi wa muuguzi hukaa ubavuni mwa chetezo cha mama wa mahamri, na kwenye rafu ya juu yao hupangwa bakuli za vijana wa sekondari. Chombo kikiingia na maji, hasara haiwi ya mwenyewe peke yake. Joto likifika nyuzi 100 maji hugeuka mvuke, mvuke ukikosa njia hulipua ukuta wa chombo, na vipande vinavyoruka huvunja vya majirani. Wengi husimulia kwamba kinachopasua vyungu ni hewa iliyofungika ndani ya udongo. Hewa haina nguvu hiyo. Maji ndiyo yanayofanya kazi yote. Kwa hiyo kabla ya kupakia joko tuna utaratibu mmoja, nao umenibadilisha kuliko jambo lolote tangu nistaafu: kila mtu huchukua chombo cha mwenzake na kukigusisha shavuni. Shavu likihisi ubaridi, bado kina maji, na kinarudi rafuni kukauka. Chako hukipimi wewe.

Nilikuwa karani wa mizigo bandarini Kilindini hadi mwisho wa utumishi wangu. Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta kasoro: namba isiyolingana na hati, sili iliyoguswa, uzito uliozidi ulioandikwa. Ni kazi ya heshima, na watoto wangu wamesomeshwa nayo. Lakini mtu akikaa miaka na miaka katika kushuku, shuku humfuata mpaka nyumbani. Nilistaafu nikiwa mtu wa salamu fupi. Barazani nilikuwa sikai. Harusini nilikuwa nafika, nakula, naondoka kabla ya kahawa. Mke wangu alikwisha kunizoea hivyo. Binti yetu hakuzoea, na ndiye aliyeniandikisha karakanani.

"Baba, nenda ukaone tu. Usipopenda, hakuna aliyekufunga kamba."

Mwalimu wetu ni mama wa makamo kutoka upande wa Kwale, aliyefundishwa na mama yake, naye mama yake na bibi yake. Aliniamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akanipa donge la udongo la ukubwa wa chungwa na kuniambia niketi. Hakuniuliza nilikuwa nani kazini. Alinionyesha tu: tia kidole gumba katikati, bonya, zungusha kidogo, bonya tena, ukuta uwe sawa pande zote. Kulia kwangu alikaa dereva wa bodaboda, kushoto msichana wa kidato cha pili ambaye tayari alikuwa akisuka kamba za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine kujenga mtungi. Msichana yule alinitazama vidole akasema, "Mzee, unabonya kwa hasira. Taratibu." Nilitii. Hata sasa nafurahi nikikumbuka wepesi nilioupata kwa kutii tu.

Pwani kwetu, na katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, kufinyanga kumekuwa kazi ya wanawake. Buganda ni miongoni mwa mahali pachache ambako wanaume nao wana sifa ya zamani katika kazi hiyo. Niliingia basi katika elimu ambayo wenyewe ni akina mama, nikiwa mwanafunzi wa mwisho darasani kwa kila hali isipokuwa umri. Sikuona aibu. Niliona jinsi mwalimu anavyojua kwa kusugua udongo kati ya vidole viwili kwamba huu una mchanga wa kutosha kwa chungu cha kupikia na ule unafaa mtungi, na nikajua niko mbele ya mtaalamu.

Kukanda ndiko ninakokupenda zaidi. Unasimama mbele ya meza, unausukuma udongo kwa viganja, unaukunja, unausukuma, mpaka uwe mmoja, usio na upande mgumu na upande laini. Udongo uliokandwa vizuri hunukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza ya masika. Muda huo huwezi kushika simu, maana mikono imejaa matope hadi kwenye vifundo. Na kwa sababu mikono ina kazi na macho yako mezani, maneno hutoka yenyewe. Hapo ndipo nilipojua kwamba dereva yule amemzika mama yake mwaka huu, na kwamba muuguzi hulala saa nne tu kwa siku. Nilijikuta nami nasimulia mambo ya bandarini ambayo nyumbani sikuwahi kuyataja.

Wahenga wametuambia udongo upatize ungali maji, na kwa kawaida huambiwa wazazi kuhusu watoto. Karakanani nimeona jambo ambalo mtu wa umri wangu analihitaji. Pembeni mwa mlango kuna pipa la maji ambamo hutupwa kila kilichokauka vibaya au kilichopinda. Kigumu kikavu kabisa, ukikigonga kinalia, lakini baada ya kulowa kimekuwa matope tena, tayari kukandwa. Kikishapita motoni ndipo hakirudi. Kwenye nyuzi 500 na kitu, maji yaliyoshikana na udongo wenyewe tangu ardhini huanza kuondoka, na kuanzia hapo si udongo tena, ni kigae. Pia kuna nyuzi 573, ambapo chembe za mchanga wa kwazi (quartz) hutanuka ghafla. Kwa hiyo mwalimu hupandisha joto polepole akikaribia hapo, na kulishusha polepole vilevile. Joko likifika nyuzi 1000 hivi, huzimwa na kuachwa lipoe hadi kesho. Kulifungua mapema ni kuviita vyombo vyote vipasuke kwa upepo. Nimewaona vijana wenye haraka ya dunia nzima wakikaa chini kulisubiri, kwa sababu mle ndani mna kazi za wenzao pia.

Baada ya kuanza ufinyanzi niliingia Fort Jesus, mahali nilipopita mara nyingi bila kuingia, nikasimama mbele ya vyombo vya kale. Watalii huvutiwa na sahani za China na mitungi ya ile meli ya Wareno iliyozama hapo chini ya ngome mwaka 1697. Mimi nilitafuta vyungu vya wenyeji. Waliochimba Shanga na miji mingine ya kale ya pwani wamekuta kwamba sehemu kubwa kabisa ya vigae vya ardhini ni vya vyombo vilivyofinyangwa hapahapa, kwa mkono, bila gurudumu, na vyombo vya ng'ambo ni sehemu ndogo. Huko Kwale kwenyewe, katika miaka ya 1960, mtafiti Robert Soper alichimbua vyungu vya wakulima na wahunzi walioishi hapo zaidi ya miaka 1500 iliyopita. Mtu aliyewahi kukwaruza mistari shingoni mwa chungu kwa kijiti anaitambua ile mistari. Mkono uliopita pale ulikuwa na mwendo, na mahali ulipopunguza mwendo panaonekana.

Mwalimu hutuhadithia pia habari za Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza kusoma, kisha akaenda Abuja (mji ambao sasa huitwa Suleja), Nigeria, kujifunza kujenga vyungu kwa mkono kutoka kwa akina mama wa huko, akiwamo Ladi Kwali, ambaye picha yake imo katika noti ya naira 20. Odundo huvisugua vyombo vyake mpaka ving'are bila kupaka kitu cha kioo. Moto wenye hewa ya kutosha huviacha vyekundu, na moto wenye moshi mwingi huvigeuza vyeusi. Kazi zake ziko Makumbusho ya Uingereza. Msichana wa kidato cha pili amebandika picha ya mojawapo juu ya meza yake, na mimi naona amefanya vyema.

Vyungu vya kupikia hatuviweki jokoni. Hivyo tunavichoma uani, kwa kuni na makuti, jinsi mwalimu alivyofunzwa kwao. Udongo wake tunauchanganya na vigae vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotwangwa na kuchekechwa, ili chungu kistahimili kupashwa na kupoa jikoni bila kupasuka. Changu cha kwanza kilipotoka kwenye majivu kilikuwa na doa jeusi ubavuni, mahali ambapo kuti liliegemea. Muuguzi alikishika kwanza, akakigonga kwa kucha, kikalia vizuri, akanikabidhi. Nyumbani mke wangu alikipikia uji mzito kwanza ili vitundu vizibe, na siku ya pili akatia samaki aina ya changu na tui la nazi juu ya jiko la makaa.

Niliwaalika wenzangu wote wa karakana kuja kula, jambo lililomfanya mke wangu aniulize mara mbili kama amesikia sawa. Walikuja, na dereva akaja na mdogo wake. Tangu hapo Ijumaa nyingi baraza yetu ina watu, na ninakaa nao mpaka kahawa iishe. Mke wangu sasa ameniagiza chungu cha pili, kipana zaidi, kwa sababu kile cha kwanza hakitoshi samaki wa watu wote hao.