Boriti za Rufiji na Miji ya Jangwani

Watu wengi wakisikia habari za miji ya jangwani, kama Kuwait, Dubai na Maskati, hudhani kwamba miji hiyo haihusiani nasi watu wa Delta ya Rufiji kwa jambo lolote, illa kwamba vijana wetu hutamani kwenda kutafuta kazi huko. Kwao ni mchanga na jua, na kwetu Mbwera ni maji, matope na mikoko. Lakini mambo sivyo yalivyo. Kwa miaka mingi sana dari za nyumba za miji ile zilibebwa na miti iliyokatwa katika vijito vyetu, na mtu aliyelala chali katika chumba chake huko Kuwait aghlabu macho yake yaliangukia boriti za Afrika Mashariki. Kwa hivyo tumeona inafaa tuwasimulie wasomaji wetu jinsi miji ile ilivyojengwa na jinsi ilivyovunjwa, kisha tutazame ni fundisho gani tuwezalo kulipata sisi ambao mguu mmoja uko Mbwera na wa pili uko Mbagala.

Wazee wetu waliijua kazi hiyo kwa mikono yao. Pepo za kaskazi zilipovuma, majahazi ya Waarabu na Waajemi yalishuka pwani yetu, na baadhi yao yaliingia Delta kupakia. Wakataji waliingia mikokoni maji yakiwa yamekupwa, matope yakiwafika magotini, wakaikata miti, wakaichuna magome, wakaipanga kwa unene wake: fito mbali, mapau mbali, boriti mbali. Boriti zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Kusi ilipoanza, jahazi lilitweka tanga likarejea kaskazini na shehena yake. Mwaka 1939 baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alifika katika Delta ndani ya jahazi la Kuwait, nahodha wake Ali bin Nasr al-Najdi, na baadaye akaiandika safari ile katika kitabu. Hakuipenda Delta yetu hata kidogo kwa sababu ya joto na mbu, wala hatumlaumu, kwani hata babu yetu aliyezaliwa humo hakusema kwamba kazi ile ilikuwa nyepesi.

Sasa na tutazame boriti hizo zilifanya nini zilipofika. Huko Ghuba waliziita chandal. Nchi yao haina miti ya kujengea, basi walizilaza juu ya kuta za mawe na udongo, wakatandika juu yake vipande vya mianzi na mikeka, kisha wakasakifia kwa udongo. Na kwa kuwa boriti haikuzidi sana urefu wa mita tatu au nne, chumba nacho hakikuweza kuwa kipana zaidi ya hapo. Mtu akiwa tajiri alirefusha chumba, lakini kukipanua hakuweza. Hivyo mti wa Rufiji ndio uliokuwa kipimo cha nyumba ya tajiri na ya maskini pia. Vyumba vyembamba vilizunguka ua, nyumba iliegemea nyumba, na vichochoro vilifanywa vyembamba makusudi ili kivuli kisikatike. Mwanamke aliyetaka chumvi kwa jirani hakuwa na safari ya kwenda, na mgonjwa hakuweza kukohoa usiku mzima pasipo mtu wa pili kujua.

Wala tusidanganyane kwamba maisha yale yalikuwa ya raha. Kuwait hapakuwa na maji matamu ya kutosha, hata ikawa yaletwa kwa majahazi kutoka Shatt al-Arab. Watoto wengi walikufa kwa maradhi ambayo leo dawa zake zinapatikana. Mwenye kuusifu mji wa kale na ausifu kwa haki, asisahau taabu zake.

Kuwait ilianza kusafirisha mafuta mwaka 1946. Mwaka 1952 ilipata ramani mpya ya mji iliyochorwa na wasanifu wa Kiingereza, Minoprio, Spencely na Macfarlane: barabara pana zizungukazo mji pete baada ya pete, na mitaa mipya nje ya ukuta wa zamani. Serikali ikazinunua nyumba za mji wa kale kwa bei kubwa sana, na wenyewe wakahamia kwenye viwanja vipya. Ukuta uliojengwa mwaka 1920 ukabomolewa mwaka 1957, yakabaki malango yake tu. Zege na nondo zikashika pahala pa boriti, na chumba kikawa kipana kadiri mtu apendavyo. Dubai nako, ambako katika mwaka 1960 walikaa watu kama 40,000, leo wamepindukia milioni tatu. Mtaa wake wa kale wa Bastakiya, wenye minara ya kukamatia upepo, ulivunjwa nusu yake katika miaka ya 1980, na nusu iliyosalia sasa hutunzwa ili wageni waje kuitazama. Ama Maskati, mpaka mwaka 1970 malango yake yakifungwa kila usiku. Tangu hapo mji umenyoshwa kando ya bahari kupitia Matrah na Ruwi mpaka Sib, na ndani yake wamo maelfu wasemao Kiswahili, ambao wao au wazee wao walitoka Unguja na bara.

Tunaye jamaa yetu mmoja huko. Alipokuja kututazama tulimwuliza hali ya makazi, akajibu, “Ndugu yangu, alhamdulillahi. Nyumba ni kubwa, maji hayakatiki, na kila chumba kina kiyoyozi. Lakini jirani yangu wa kulia namjua kwa gari lake. Gari likiwapo, najua yupo, lisipokuwapo, hayupo. Miaka sita sasa, na uso wake nimeuona mara nne.” Hakuyasema haya kwa kulalamika. Aliyasema kama mtu anayetaja hesabu aliyokwisha kuifanya mara nyingi peke yake.

Sasa turudi kwetu. Katika miaka ya 1980 Serikali yetu ilizuia ukataji wa mikoko, na ilikuwa haki kufanya hivyo, maana misitu hiyo ndiyo inayozuia mawimbi yasile ardhi, na ndimo samaki na kamba wazaliwamo. Hata hivyo soko la Ghuba lilikuwa limekwisha punguka tangu zege iliposhika, na mkono uliozoea shoka ulilazimika kutafuta kazi nyingine. Wengine walishika nyavu, wengine mpunga, na wengi wakashika njia ya Dar es Salaam. Mji huo katika hesabu ya mwaka 1957 ulikuwa na watu 128,742. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Waliotoka Rufiji hawakwenda mbali na barabara iliyowaleta: wameteremka Kongowe, Mbagala, Charambe na Chamazi, kando kando ya barabara ya Kilwa, mahali ambapo mtu akitaja kijiji chake hakosi kumpata mtu wa kwao.

Dar es Salaam si jangwa, lakini mwendo wa mji ni ule ule. Kariakoo, nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba kuume na kushoto, uani nyuma na baraza mbele, zimeng'olewa moja moja, na maghorofa yamepanda mahali pake. Huko pembezoni viwanja hukatwa kila siku, na jambo la kwanza afanyalo mwenye kupata fedha kidogo ni kuinua ukuta na kutia lango la chuma, kabla hata nyumba haijaezekwa. Hatusemi wezi hawapo. Wapo. Lakini tumeona mitaa ambayo kila nyumba ina ukuta na mwizi hupita kwa raha, maana akiisha kuingia ndani hakuna amwonaye.

Jambo hili lilitufikia nyumbani kwetu. Baada ya kufariki mzee wetu, ilibaki minazi Mbwera na nyumba isiyokwisha Chamazi. Baadhi yetu walitaka minazi yote iuzwe, nyumba imalizwe na kuzungushiwa ukuta, kwani, walisema, nani tena atakayerudi Delta kupanda mashua na kuamka na mbu? Wengine walisema shamba la wazee haliuzwi. Maneno yakawa makali, mpaka ndugu wawili wakawa hawasalimiani. Ndipo alipoitwa shangazi yetu, naye ni mtu mzima sana. Akapokea shikamoo za wote, akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Wanangu, ukuta mtaujenga, nami sina la kuwakataza. Nawauliza moja tu. Siku nitakapokufia humo ndani, jirani atajuaje?”

Hakuna aliyemjibu. Lakini siku ya pili tulikaa tukafanya kwanza lile lililopasa kufanywa tangu mwanzo: mirathi iligawanywa kwa sheria, kila mwenye fungu akapewa lake, wanawake kwa wanaume. Waliotaka kuuza waliuza mafungu yao kwa ndugu wasiotaka kuuza, kwa malipo ya kidogo kidogo. Fedha zikawa chache kuliko zilivyotarajiwa, hata vyumba viwili vya Chamazi mpaka leo havijaezekwa, na mvua ikinyesha twayasikia manung'uniko. Ukuta umejengwa mfupi, ufikao kifuani, na mbele yake, upande wa njiani, pamejengwa baraza ya saruji. Jioni haikosi watu wawili watatu, na baadhi yao hatukuwajua mpaka walipoketi hapo.

Ndugu wasomaji, haki ya jirani ni jambo mlifahamulo, nasi hatuna haja ya kuwasomesha. Tunalosema ni hili, kwamba haki hiyo yahitaji mahali. Katika mji wa kale wa Kuwait mahali hapo palipatikana bila ya kukusudiwa, kwa kuwa boriti zilikuwa fupi na vyumba vyembamba. Leo hakuna kitu kitulazimishacho kukaribiana, na kwa hivyo asiyekusudia ataishi peke yake katikati ya mamilioni ya watu. Basi mwenye kujenga na aulize kabla ya kuchimba msingi: mgeni ataketi wapi, maiti itatokea wapi, na mtoto akilia nani atasikia? Na wenye mali ya urithi wasiuze kwa haraka ya ukuta, wala wasikatae kuuza kwa kiburi cha ukoo, bali wagawane kwanza kama walivyoamrishwa, kisha washauriane.

Ama Mbwera yetu ingalipo. Mikoko iliyoachwa tangu siku zile imenenepa, minazi yaangushwa kwa zamu, na fungu la nazi hufika Chamazi pamoja na salamu za waliobaki. Nasi huwarudishia sukari, dawa, na habari za mjini. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuendelee hivyo, na awape waliotawanyika katika miji mikubwa, ya jangwani na isiyo ya jangwani, majirani wema. Amin.