Mkono wa Mama



Kumbuka siku ya kwanza uliposhika kalamu. Ulibana vidole mpaka vikauma. Leo unaandika jina lako huku unazungumza na jirani. Je, ni nani anayeuongoza mkono wako? Mimi sikujiuliza swali hilo mpaka mama yangu alipougua.

Sisi ni watu wa Endulen, wilaya ya Ngorongoro. Mimi na mama tuliingia darasa la watu wazima pamoja. Yeye aliandika vizuri kuliko mimi. Baadaye herufi zake zikaanza kupungua. Neno la kwanza lilikuwa kubwa, la mwisho dogo kama chawa. Mwalimu alidhani anafanya mzaha.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Ajabu ni kwamba ulitetemeka ulipopumzika mapajani. Alipokamua ng'ombe ulitulia kidogo, lakini kukamua kwenyewe kulikuwa polepole sana. Kutunga shanga akaacha. Watoto walipoinamisha vichwa awasalimu, mkono wake uliwatetemekea vichwani. Wakacheka.

Uso wake nao ukakauka. Mke wangu, ambaye bado alikuwa mgeni nyumbani, alilia akisema mama mkwe hampendi. Nilimwamini. Nilimwambia mama mbele ya watu, "Yeyo, kwa nini unamnunia mtoto wa watu?"

Akajibu kwa sauti ndogo, "Simnunii. Moyo unacheka, uso unakataa."

Sikumsikiliza. Mwaka mzima ukapita hivyo. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni uzee tu.

Mwishowe tulimpeleka kwa daktari. Alimtazama anavyotembea, akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka. Akasema huu ni ugonjwa wa Parkinson. Daktari Mwingereza, James Parkinson, aliueleza mwaka 1817. Hata bondia Muhammad Ali, aliyepigana Kinshasa mwaka 1974, aliambiwa anao mwaka 1984.

Daktari alitueleza hivi. Ndani kabisa ya ubongo kuna mafundo ya chembe hai. Kazi yake ni kama ya mtu anayesimama mlangoni mwa boma asubuhi. Ng'ombe wote wanataka kutoka. Yeye huvuta tawi la miiba, akawapitisha wanaokwenda malishoni, akawazuia ndama. Mafundo hayo hupitisha mwendo unaotakiwa na kuzuia usiotakiwa. Jambo ulilolirudia mara nyingi, kama kukamua au kuandika, huyazoea, nawe hulifikirii tena.

Nguvu ya kuvuta tawi hutoka kwenye kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Hiyo hiyo husaidia kujifunza: mwalimu anapokusifu, ubongo huiona njia uliyopita kuwa ni njema, ukataka kuirudia. Kwa mama, chembe zinazotengeneza dopamini zilikuwa zinakufa. Mlango ukawa mzito, wa mikono, wa miguu, hata wa tabasamu.

Basi si uchawi, wala hauambukizi. Kuna vidonge vya levodopa, ambavyo ubongo huvigeuza kuwa dopamini. Haviponyi, ila hulegeza mwili. Taabu ni kuvipata, na bei yake.

Si sisi peke yetu tuliochelewa. Wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, wataalamu walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu wapatao 161,000. Habari zake zilichapishwa mwaka 2008. Walikuta wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaugua nini.

Nilimwomba mama radhi. Alinishika kichwa, mkono ukatetemeka, na safari hii hakuna aliyecheka.

Siku hizi akifika mlangoni, mara nyingine miguu hugoma kama imeota mizizi. Usimvute mgonjwa wa namna hiyo, ataanguka. Mimi hulaza fimbo chini mbele yake. Akiiona, huinua mguu akaivuka. Jicho humwonyesha mguu njia nyingine. Wimbo pia husaidia, kwa sababu hufuata mapigo yake. Mke wangu ndiye anayemwimbia, maana mimi sauti sina.

Katika daftari lake nimechora mistari mipana kwa kalamu nyeusi. Akiandika kati ya mistari hiyo, herufi hukua tena. Juzi aliandika jina la mjukuu wake, akatumia muda mrefu. Herufi zote zilikuwa sawa, ya kwanza hadi ya mwisho.