Sake: Mtoto amekua, mguu wa bandia umebaki mfupi

SAKE – Kila asubuhi, mama mmoja anayeishi Sake, karibu kilomita 25 magharibi mwa mji wa Goma, anafunga kipande cha tairi kuukuu chini ya kiatu cha mtoto wake wa kiume. Ni kiatu cha kulia tu. Bila tairi hiyo mtoto anatembea amelalia upande, kwa sababu mguu wake wa bandia ni wa mwaka juzi na yeye hajaacha kukua.

Alikuwa na miaka tisa bomu lilipoanguka karibu na nyumba yao, mwanzoni mwa 2024, mapigano yalipoikaribia Sake. Akakatwa mguu chini ya goti. Familia ikakimbilia kambi ya Bulengo, na huko walipata bahati, kama inaweza kuitwa bahati: shirika moja liliwaandikisha, likalipa gari la kumfikisha kwenye kituo cha viungo bandia mjini, likalipa mguu na mazoezi ya kutembea. Mama hakutoa hata faranga moja. Tena kila mwezi alipokea pesa kidogo kwenye simu, kwani familia zenye mlemavu ziliwekwa mbele kwenye orodha.

Watu wengi wanadhani mguu wa bandia ukitolewa mara moja umetosha. Sivyo. Mtu mzima anaweza kukaa na mmoja miaka kadhaa, lakini mtoto anahitaji mwingine kila miezi sita hadi mwaka. Fundi anaweza kuweka bomba refu zaidi, ila ile sehemu ya plastiki inayoshika kigutu imetengenezwa kwa kipimo cha plasta, haitanuki mwili ukiongezeka. Inabana, inachubua, mwisho kidonda.

Mwaka 2025 uliwapiga mara mbili. Tarehe 20 Januari, rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kwa Kongo hilo si jambo dogo: mwaka uliotangulia, karibu asilimia 70 ya pesa za misaada ya kibinadamu nchini zilitoka Marekani. Siku hizo zikapita na programu nyingi hazikurudi. Wiki moja baada ya tangazo hilo M23 waliingia Goma, na mwezi wa Februari wakimbizi wakaambiwa waondoke kambini, warudi kwao.

Mama alirudi Sake na sufuria mbili, shiti ya plastiki, na mtoto mgongoni. Miaka kumi si umri wa kubebwa mgongoni. Penye nyumba alikuta nguzo tu.

Alimpigia simu yule kijana wa shirika aliyekuwa akiwatembelea. Akajibiwa kwamba yeye pia amesimamishwa kazi. Pesa za kwenye simu zilikuwa zimeshakatika, bila ujumbe wowote.

Kituo cha mjini hakikuwafukuza. Walisema mguu mpya unaweza kutengenezwa, lakini sasa familia ichangie vifaa, na hakuna tena mahali pa kulaza wanaotoka mbali. Kazi yenyewe ni ya siku kadhaa: kupima, kutengeneza, kujaribu, kurekebisha. Walale wapi? Wale nini?

Baba anasukuma chukudu ya makala. Mama amekwenda kulima mashamba ya wengine apate pesa. Kwa hiyo dada wa mtoto, mwenye miaka 13, amebaki nyumbani kumwangalia ndugu yake na kuchota maji. Hakuna aliyemwambia aache shule. Aliacha tu, siku moja, halafu wiki. Mashirika yakihesabu walioachwa bila msaada, huyu binti hayumo.

Kwenye karatasi, mtoto huyu amelindwa vizuri sana. Kongo iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inawalinda. Mama hajawahi kusikia habari ya sheria hiyo.

Sasa wanahesabu. Wakiuza kuku wawili na gunia moja la makala, nauli ya kwenda na kurudi itapatikana. Jirani yao wa zamani kule Bulengo, aliyebaki mjini kwa shangazi yake, ameahidi mkeka kwa siku tatu. Pesa ya vifaa bado. Fundi amewaomba wamlete mapema, kabla ngozi haijachanika, kwa sababu kigutu chenye kidonda hakipimwi mpaka kipone.