Mahari yangu ina magurudumu mawili



Msimu wa harusi ukikaribia, swali la mahari halikosi. Nitaje nini? Nikitaja kingi nitaonekana nauza, nikitaja kidogo nitaonekana sina thamani. Juzi bi harusi mtarajiwa mmoja akaniuliza kwa aibu kidogo kama ni kweli yale anayosikia, kwamba mimi nilitaja baskeli. Ni kweli, wallahi. Na si ile ya kikapu mbele na kengele. Ni baskeli ya milimani, fremu yake ya kaboni, shokapu iko mbele tu na nyuma imekaza kama ubao. Leo nawapa habari zake zote, maana kuna mengi ndani yake ambayo hata asiyependa baskeli yatamfaa.

Mimi ni mtoto wa Makunduchi. Baskeli nilijifunzia kwenye Phoenix ya baba, mguu mmoja nimeupitisha chini ya bomba la fremu kwa sababu sikufika juu. Wengi wenu mnaijua staili hiyo. Nilipokwenda kusoma Chuo Kikuu cha Dodoma nikakutana na baskeli za gia, na huko huko nikakutana na mume wangu, Mrangi wa Kondoa, mwalimu. Posa ilipofika nyumbani, shangazi yangu alikuwa ameshapanga: kitanda, kabati, seti ya dhahabu. Nilipotaja baskeli chumba kizima kilinyamaza. Kisha shangazi akasema, "Mwanangu, dhahabu haichakai. Hiyo itachakaa." Nikamwambia, "Kweli shangazi, lakini dhahabu nitaifungia kabatini, hii nitaipanda."

Sheikh wetu hakuona tatizo. Alitukumbusha kuwa mahari sharti yake ni kiwe kitu halali chenye thamani, kijulikane, na kiwe mali ya mwanamke mwenyewe. Sote tunaijua ile habari ya pete ya chuma. Alichokitilia mkazo ni hicho cha kujulikana. Hakutaka iandikwe "baskeli" tu, kwa sababu kuna baskeli ya laki moja na kuna ya milioni kadhaa, na neno lisilo wazi ndilo linaloleta ugomvi baadaye. Basi ikaandikwa: baskeli moja ya milimani, iliyotumika, fremu ya kaboni, saizi ndogo, magurudumu inchi 29. Shahidi mmoja alicheka mpaka akafuta machozi. Mabibi harusi watarajiwa, hata kama mnataja kitanda, kiandikwe ni kitanda gani.

Tuliinunua Dodoma kwa mgeni aliyemaliza kazi zake na kurudi kwao. Kaboni iliyotumika inataka macho. Chuma kikipata pigo hupinda na unaona. Kaboni haipindi wala haishiki kutu, bali hupasuka, na mpasuko unaweza kujificha chini ya rangi. Nilimwomba muuzaji anioneshe mchana juani. Nikaifuta fremu yote kwa kitambaa cha pamba, maana nyuzi zilizochomoza hukamata pamba. Kisha nikachukua sarafu nikaigonga taratibu toka shingoni mpaka kwenye pedeli. Pazima hulia kwa mlio mkavu, palipoachana ndani mlio hufifia kama unagonga kadibodi. Nilichelewa zaidi kwenye bomba la chini, pale mawe yanapopiga, na kwenye shingo ya kiti, ambapo watu hukaza skrubu kupita kiasi. Mume wangu alisimama pembeni akimwomba radhi mgeni wa watu kwa macho.

Nilipohamia ukweni ndipo nilipojua kwa nini nilihitaji kitu kile. Sisi kwetu Masingini tunaiita mlima. Kondoa mjini peke yake iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka tu kuelekea Kolo vilima vya Irangi vinakungojea. Ardhi yake ina kisa. Udongo ulimomonyoka kwa miaka mingi, ukaacha makorongo mekundu marefu na mito ya mchanga. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Wazee wa ukweni bado wanaizungumza ile siku ya kuondoka kwa ng'ombe kama watu wanavyozungumza msiba. Miti imerudi sehemu nyingi, makorongo yamebaki. Kwa mpanda baskeli maana yake ni hii: unashuka ghafla, unazama mchangani, unapanda ghafla. Njia ya lami ya kwenda Babati ni nzuri sana, lakini lami haihitaji baskeli ya milimani.

Wiki ya kwanza nilipata pancha nne. Mwenye kosa ni mbigili, ule mmea unaotambaa chini wenye miiba midogo kama meno ya paka, na miiba ya migunga ikamsaidia. Basi mabadiliko ya kwanza yakawa ya tairi. Nilitoa tyubu kabisa. Unabandika utepe maalumu ndani ya rimu, unaweka valvu yake, tairi inakaa yenyewe bila tyubu, na ndani unamimina maziwa ya mpira. Mwiba ukitoboa, maziwa yanakimbilia kwenye tundu na kuganda. Siku moja niling'oa miba kumi na moja kwenye tairi la nyuma baada ya kufika nyumbani, na upepo ulikuwamo. Joto hukausha yale maziwa, kwa hiyo kila baada ya miezi miwili au mitatu nafungua natazama. Faida nyingine ni kuwa upepo unaweza kuwa mdogo. Mimi nina kilo 55, naweka kama 20 kwa kipimo cha pampu, na tairi linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba.

Pili ni gia. Ilikuja na sproketi ya mbele ya meno 34, na kubwa ya nyuma ina meno 51. Ni hesabu ya mtu mwenye mapaja ya mwanariadha. Kwa gia nyepesi kabisa, pedeli ikizunguka mara moja baskeli ilikuwa inakwenda kama mita 1.53. Nikaweka ya meno 30, ikashuka mpaka kama mita 1.35. Mtaniambia sentimita kumi na nane ni nini? Kwenye mwinuko wa Kolo sentimita kumi na nane ndiyo tofauti ya kupanda na kusukuma. Cheni ikabidi ifupishwe pingili mbili.

Breki niliziacha, nikabadilisha pedi tu. Zilizokuja nazo zilikuwa za aina laini, hazipigi kelele lakini mchanga na maji huzila haraka. Nikaweka zenye madini ndani. Zinalia asubuhi kama mbuzi mwenye njaa, ila zinadumu. Aidha, kama breki zako ni za mafuta, jua ni mafuta gani: kuna zinazotumia mafuta ya madini na kuna zinazotumia yale ya breki za gari, na ukichanganya unaharibu mipira ya ndani.

Na kiti, jamani. Kiti kilichokuja kilikuwa chembamba, cha mwanamume, na sitaeleza zaidi. Mwanamke mifupa yake ya kukalia imeachana zaidi, basi tafuteni kiti kinacholingana na nyie wala msivumilie maumivu mkidhani ndiyo mazoezi.

Shokapu ya mbele ni ya upepo, na mwenyewe wa kwanza alikuwa mtu mzito, kwa hiyo kwangu ilikuwa ngumu kama jiwe. Hapa sikununua kitu. Kwa pampu yake ndogo nilitoa upepo mpaka nikikaa izame kama sentimita mbili katika zile kumi za safari yake. Mikono iliacha kufa ganzi siku hiyo hiyo. Hata hivyo nilitamani mpya, na hii tutairudia.

Fundi wa mtaani kwetu ana mikono ya dhahabu, ila amekulia kwenye chuma. Yeye hukaza mpaka skrubu ilie. Kwenye kaboni hapo ndipo fremu hufa. Nina spana yenye kipimo, ya kiti inasema tano, inapofika tano inatoa mlio na mimi naacha. Fundi hufanya mengine yote, spana hiyo naishika mwenyewe. Na nikisafiri kwenda Dodoma, baskeli haipandi juu ya basi kufungwa kwa mpira na kuwekewa magunia ya ulezi. Naitoa magurudumu, naizungushia khanga mbili za zamani, nailipia nafasi kama abiria. Makondakta washanizoea.

Mavazi mnaulizia sana. Baibui na cheni haviendani, msijaribu. Navaa suruali pana niliyoibana kwenye vifundo vya miguu, juu kanzu inayofika magotini yenye mpasuo pembeni, na hijabu ya kitambaa chepesi niliyoichomeka. Kofia ngumu inakaa juu ya hijabu vizuri, mradi usifunge nywele fundo kubwa kisogoni. Natoka baada ya Alfajiri, mara nyingi na mume wangu, yeye akiwa na Phoenix yake nyeusi isiyo na gia hata moja. Kwenye miteremko namwacha mbali. Kwenye lami ananipita akinipungia mkono.

Mama mkwe hakupenda. Hakusema neno baya, alikuwa akiingia ndani tu ninapoitoa. Wifi yangu ndiye aliyenieleza kwamba watu wa msikitini walikuwa wanauliza. Nilimwendea mwenyewe nikakaa naye chini, nikamwambia, "Mama, nikikukera niambie mimi." Akanijibu, "Hunikeri mwanangu. Naogopa utaanguka nami nitamwambia nini mama yako." Hofu yake ilikuwa hiyo tu. Tangu siku hiyo nikienda namuaga, namwambia njia ninayopita, na nikirudi naanzia kwake.

Sasa ile ya shokapu. Mwaka jana shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alitaka mtaji wa kununua alizeti na ufuta wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Kikao cha familia kikakaa. Mmoja wa wazee akasema, kwa upole kabisa, kwamba kuna mali imeegemezwa ukutani inayokula vumbi, na ikiuzwa Dodoma itatosha na kubaki. Watu wote walinitazama, kisha wakamtazama mume wangu. Sitasahau ule ukimya. Mume ukweni kwako ni mtoto wa watu, na hapo yuko mbele ya wazee wake. Akasema, "Hiyo si yangu kuuza. Nilishampa." Akanyamaza. Hakunitazama, hakunisukuma nijibu.

Mashoga zangu, sheria tunaijua: mahari ni yetu, hakuna wa kuigusa bila ridhaa yetu. Kuijua ni rahisi ukiwa kwenu. Ukiwa ukweni, umekaa mkekani, umezungukwa na watu wanaokupenda na wenye shida ya kweli, ridhaa inakuwa neno zito. Ningeweza kusema ndiyo kwa aibu tu, na ndiyo ya aibu ningeihesabu kila asubuhi. Nikasema baskeli siuzi. Kisha nikasema nina akiba yangu niliyokuwa naiweka kwa shokapu mpya, shilingi laki saba na nusu, nitamkopesha shemeji, bila nyongeza hata senti, lakini tuandike, tuweke mashahidi wawili na tarehe ya kulipa. Yule mzee akauliza, kwa nini kuandikiana ndugu kwa ndugu? Mama mkwe ndiye aliyemjibu. Alisema tumeamrishwa kuandika madeni, na hakuambiwa mtu aache kwa kuwa ni ndugu. Akamtuma wifi kalamu.

Shemeji aliuza alizeti vizuri, ufuta ukamtia hasara kidogo. Amelipa mafungu matatu kwa tarehe zake, bado mawili, na kila akilipa tunatia saini kwenye ile karatasi, ambayo mama mkwe ameihifadhi ndani ya sanduku lake pamoja na hati ya shamba. Mwezi uliopita tulipanda hadi Kolo, kwenye ile michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na shokapu ya zamani ikalia njia nzima kwa sababu sili zake zimechoka. Nimenunua sili mpya, nitabadilisha mwenyewe Jumamosi. Ile shokapu niliyoitamani nimeuliza bei yake tena, imeshapanda.