Utapumua Nini?

Niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa umeme, karo iliponishinda. Tangu hapo nakula kwa kuwaandikia watu kazi zao za shule mtandaoni. Mwanafunzi yuko ng'ambo, mimi niko Githurai, na jina linalowekwa juu ya karatasi ni lake. Usiku mmoja nikaletewa kazi ya kurasa 8: maji ya kupooza vinu vya nyuklia, na hewa ya chumba cha kudhibiti. Nikajiambia, si ni mabomba na feni tu?

Kumbe mabomba na feni ndiyo hadithi yenyewe.

Kinu cha nyuklia hakizimwi kama jiko la gesi. Kinafanana na jiko la makaa: umeshaepua sufuria, lakini makaa bado ni mekundu. Hata kikizimwa, fueli huendelea kutoa joto, mwanzoni takriban asilimia 6 ya nguvu yake yote. Kwa hivyo maji lazima yaendelee kuzunguka, na pampu nyingi huhitaji umeme, hata siku ambayo kinu chenyewe hakizalishi umeme.

Tarehe 11 Machi 2011, huko Fukushima Daiichi nchini Japani, tetemeko lilikata umeme wa gridi. Jenereta za dizeli zikawaka. Chini ya saa moja baadaye tsunami ikaingia, maji yakapanda takriban mita 14. Pampu za maji ya bahari, zilizokuwa ufukweni, zikaharibika. Jenereta nyingi zilikuwa chini kwenye majengo, zikafurika.

Chumba kilichoendesha vinu namba 1 na 2 kikawa giza. Watu wakasoma vipimo kwa tochi, wakaunganisha betri za magari ili wajue maji yamebaki kiasi gani. Chumba kama hicho huwa na hewa yake: feni huipitisha kwenye vichujio ili wanaofanya kazi ndani wasivute vumbi lenye mionzi. Lakini feni nazo hutumia umeme. Mionzi ilipopanda, wale watu wakavaa barakoa za uso mzima, wakajibanza upande wa kinu namba 2, wakichuchumaa. Wakati huo chumba hakikuachwa. Wote wangeondoka, nani angebaki kusoma vipimo?

Nikatuma kazi saa kumi na moja alfajiri. Pesa ikaingia. Nikalala.

Desemba 2024 nikaenda kumwona mjomba, mvuvi wa Uyombo, Kilifi. Serikali ilikuwa imepataja huko kwa mtambo wa kwanza wa nyuklia nchini, na mwaka huohuo watu walikuwa wameandamana kuupinga. Tulikuwa barazani tukinywa chai.

"Mpwa wangu, wewe umesoma," akasema. "Hicho kitu kinakunywa maji kiasi gani?"

Nikamwambia: mtambo mkubwa ukipoozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja, huvuta makumi ya mita za ujazo kila sekunde, kisha huyarudisha yakiwa na joto zaidi. Akatazama upande wa bahari, hakusema kitu.

Mwanawe, miaka 19, hana kazi. "Mimi wakiniajiri hata kufagia, naenda."

"Haya. Na siku umeme ukikatika nawe uko ndani," mjomba akamuuliza, "utapumua nini?"

Wote wawili wakanigeukia. Jibu nilikuwa nalo, kurasa 8 nzima, ila nilikuwa nimemuuzia mtu ambaye hatawahi kufika Uyombo.

Nikaeleza kila kitu. Mjomba akaniletea daftari la hesabu zake za samaki. "Niandikie maswali. Wakiita mkutano tena, nitayasoma." Nikaandika: Jenereta za akiba zitakaa wapi, na juu kiasi gani? Pampu zikifa, maji yatatoka wapi? Vichujio vya hewa vitapimwa na nani, kila baada ya muda gani? La mwisho lilikuwa lake: Mtoto wangu atapumua nini?

"Weka na jina lako. Wakiuliza nani kasema, nitawaonyesha."

Nikamkumbusha kwamba sikumaliza chuo.

"Kwani nimekuuliza cheti?"

Siku hizi Siaya ndiyo inayotajwa zaidi. Juzi mjomba alinipigia simu, akauliza kama Siaya nina mtu. Anataka kumtumia ile karatasi. Jina langu liko pale chini.