Sehemu ya 6: Nani anapokea zamu ya mama?

 

Leo hatuongelei chanjo wala uji wa lishe. Naongelea jambo ambalo mama wengi wananinong'oneza kliniki, mtoto akishatoka kwenye mzani: "Nesi, tangu nijifungue siombi. Nafumbua macho mtoto analia, siku inaisha. Naona kama Mungu amenichoka."

Hebu tuanze na hesabu. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Tuseme kila mara inakuchukua dakika 30, kumnyonyesha, kumcheulisha na kumbadilisha nepi. Hapo tayari ni saa 4 hadi 6. Bado hujafua, hujapika, na yule mkubwa anadai chai. Kwa hiyo mama, mtu yeyote asikuite mvivu wa maombi, na wewe mwenyewe usijiite hivyo. Muda umeliwa kweli.

Lakini nafsi yako bado ina njaa, na njaa haiishi kwa kuambiwa pole.

Soma Marko sura ya 1. Jioni Yesu aliponya wagonjwa wengi, mji mzima umejaa mlangoni. Alfajiri, giza bado, akatoka peke yake kwenda mahali pasipo na watu, akaomba. Simoni na wenzake wakaanza kumtafuta, maana watu walikuwa wanamtaka. Mimi kama nesi hapo ndipo huwa nasimama. Wahitaji hawakuwa wameisha! Angesubiri waishe, asingeomba kabisa.

Wodini tunalijua hili. Zamu ikifika mwisho wagonjwa bado wapo, dripu bado zinaendelea, kuna mama yuko kwenye uchungu. Hatutoki kwa sababu kazi imeisha. Tunatoka kwa sababu mwenzetu amepokea. Tunapita kitanda kwa kitanda: huyu amepewa dawa saa ngapi, yule presha yake iangaliwe. Ukishakabidhi, unavua koti unaenda.

Sasa nikuulize, nyumbani kwako nani anapokea zamu?

Usimwambie baba watoto "unisaidiesaidie." Hilo halishikiki. Mwambie hivi: "Jumanne na Ijumaa baada ya chakula cha usiku, nusu saa, watoto ni wako. Mdogo ameshanyonya, nepi ziko pale." Halafu ingia chumbani, funga mlango, simu ibaki sebuleni. Na yeye umpe nusu saa yake siku nyingine, maana naye ana nafsi. Kama unalea peke yako, patana na jirani unayemwamini: leo yeye akae na watoto wako, kesho kutwa wewe ukae na wake.

Nitawaambia kwa nini nalishikilia jambo hili. Kuna wiki tulipoteza kichanga wodini. Nilirudi nyumbani asubuhi, mwanangu akanikimbilia mlangoni, na mikono yangu ikakataa kumbeba. Mume wangu aliniangalia tu usoni, akamchukua mtoto, akasema, "Nenda kakae." Nilikaa chumbani kama nusu saa. Sikusema neno hata moja, nililia tu mbele za Mungu. Nilipotoka mikono ilikuwa imerudi. Nilimbeba mwanangu, nikampikia uji. Kama asingenipokea yule baba, sijui huzuni ile ningeimwagia nani. Mara nyingi, jamani, tunayemmwagia ni mtoto.

"Nesi, mimi nina chumba kimoja." Sawa. Kulikuwa na mama mmoja Uingereza, Susanna Wesley, mama wa John na Charles walioanzisha Umethodisti. Alizaa watoto 19, karibu nusu wakafa wakiwa wachanga. Inasimuliwa kwamba akitaka kuomba alijifunika aproni kichwani, na watoto wakajua hapo mama hasumbuliwi. Wewe una khanga. Mtoto wa miaka minne anaweza kufundishwa maana ya khanga kichwani. Ila anayetambaa asiachwe bila mtu mzima, hata dakika moja, si karibu na jiko wala na ndoo ya maji.

Na usiku wa manane, nyumba imelala, mmebaki wewe na anayenyonya? Hiyo nayo ni faragha. Badala ya kuperuzi simu, sema sentensi moja: "Bwana, nipo." Inatosha. Ukitulia mwili unalegea, na hata maziwa hutoka vizuri zaidi. Ila usingizi ukikuzidi usikae na mtoto kwenye kochi, mrudishe kwenye sehemu yake salama ya kulala.

Mambo mawili ya kumalizia, na haya nayasema nikiwa nimevaa sare.

La kwanza, kama umechoka hadi unayumba, lala. Eliya alipochoka mpaka akaomba afe, malaika hakumpa semina. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akalala tena, akala tena. Safari ilikuja baadaye. Na kama unanyonyesha, usijiingize kwenye mfungo wa kutokula na kutokunywa kwa sababu kundi zima linafunga. Zungumza na mchungaji wako, na zungumza nasi kliniki.

La pili, kama huzuni imekaa wiki mbili au zaidi, hulali hata mtoto akilala, humwoni mtoto kama wako, au umepata wazo la kujidhuru au kumdhuru yeye, hiyo si imani haba. Ni ugonjwa, unawapata mama wengi baada ya kujifungua, na unatibika. Usiishie kuambiwa "ongeza maombi." Omba, na uje kituo cha afya. Kama ni wazo la kudhuru, uje leo hii hii, na usije peke yako. Akina baba, mkiliona hili kwa wake zenu, msisubiri waseme.

Kwa wengine wote, kazi ya wiki hii ni moja tu: chagueni siku na saa, mtajeni anayepokea zamu, mwandike karatasi mbandike ukutani. Dakika 10 zikipatikana, anza na hizo.

Jumatano ijayo tutaongelea homa ya mtoto usiku. Mungu awalinde.