Moyo Usimamishwe au Uachwe Ukipiga?

Neno lililotunyima usingizi hapa Kakamega, mbali na pwani tulikozaliwa, lilikuwa "kusimamishwa". Mishipa mitatu inayoulisha moyo wa ami yetu ilikuwa imeziba, na daktari wa Nairobi alishauri apandikizwe mishipa mingine ili damu ipate njia. Akaeleza kwamba kazi hiyo hufanywa kwa namna mbili: moyo husimamishwa na mashine ikashika kazi yake, au huachwa ukipiga huku ukishonwa.

Mkewe ndiye aliyeuliza swali ambalo wanaume barazani hawakuthubutu kulitamka: moyo ukisimama, mtu si amekwisha kufa?

La. Mashine huipokea damu, huitia oksijeni na kuirudisha mwilini, hivyo ubongo na figo haziachwi na njaa. Kazi ikiisha, moyo hurudishiwa damu yake ukaanza kupiga tena kwa idhini ya Mola. John Gibbon alifanikiwa kwa mashine ya namna hiyo huko Philadelphia mwaka 1953, akamtibu msichana wa miaka 18.

Katika namna ya pili, kifaa hutuliza sehemu ndogo tu inayoshonwa. "Bila mashine" husikika jepesi, na nyumbani wengi walilipenda. Lakini kwa kawaida mfupa wa kifua hupasuliwa vile vile. Tena kushona mshipa mwembamba juu ya kitu kinachotikisika si kazi ya kila mkono.

Hapo ndipo penye uzito. Utafiti mmoja mkubwa ulihusisha wagonjwa 4,752 katika nchi 19, na kila daktari alitakiwa awe amekwisha kufanya zaidi ya pasuaji 100 za namna anayoitumia. Baada ya takriban miaka mitano, vifo, kiharusi na maradhi ya figo havikutofautiana kwa kiasi cha maana. Utafiti mwingine, wa wanajeshi wastaafu 2,203 wa Marekani, haukudai uzoefu mkubwa kiasi hicho. Baada ya miaka mitano, waliofariki walikuwa asilimia 15.2 miongoni mwa waliopasuliwa bila mashine, na asilimia 11.9 miongoni mwa waliotumia mashine. Kwetu sisi, basi, swali la kumuuliza daktari lilikuwa: wewe umezoea ipi, na umeifanya mara ngapi?

Aliulizwa, akajibu bila kuchukia: mkono wake ulizoea mashine. Alitaka kwanza kuuchunguza mshipa mkuu utokao moyoni, maana ukiwa umegandamana chokaa, kuubana kwaweza kumegua vipande vikapanda ubongoni. Mgonjwa wa hali hiyo huenda akafaidika zaidi moyo ukiachwa upige. Wa ami ulikuwa laini. Akachagua mashine, mwenyewe, kwa sauti yake, majirani kutoka Mumias wakimwombea dua.

Sasa yuko nyumbani, alhamdulillahi, wiki ya tano. Kidonda cha mguu, ulikochukuliwa mshipa, kilimtaabisha kuliko cha kifua. Imamu alimkumbusha ruhusa ya kupaka maji juu ya bendeji wakati wa udhu, na ya kusali ameketi. Ndoo hainyanyui, mjukuu habebi. Mkewe amemshonea mto mdogo wa kukumbatia kifuani kila anapotaka kukohoa, na watoto wamekatazwa kuuchezea.